Mafundo ya katani ndani ya Land Rover ya babu

LAND ROVER ya babu ilikaa miaka tisa chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba ya bibi, Lushoto mkoani Tanga. Ni ile ndefu iliyo wazi nyuma, Series III ya 109, inayotumia petroli. Enzi zake ilikuwa ikishusha kabichi na viazi kutoka milimani hadi Mombo kwenye barabara kuu, na ikirudi inapandisha unga, saruji na wageni wa harusi.

Babu alipofariki, ufunguo ulibaki kwenye msumari ukutani. Kuku walitaga kwenye kiti. Panya nao wakajenga ndani ya dashibodi, na aliyewahi kuwa na gari bovu anajua panya akishaingia huko anatafuna nini.

Mwaka 2024 mjomba, mtoto wa kiume wa marehemu, alileta mnunuzi wa chuma chakavu. Bei ikatajwa, bibi akanyamaza. Aliyekataa ni binti wa marehemu, mama wa watoto watatu anayefanya biashara ya mboga pale pale Lushoto.

Hoja yake haikuwa ya machozi. Kukodi gari la kupeleka mzigo Mombo kulikuwa kunamla faida yote. Na kwenye simu alikuwa ameona picha za tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba mwaka huo, magari ya umri ule ule wa gari la baba yake yakiwa barabarani kwa mamia, tena yanatembea yenyewe bila kuvutwa.

"Kaka, nipe mpaka mwisho wa Januari," alimwambia mjomba. "Likishindikana, uza."

Injini haikusumbua sana. Fundi makanika alisafisha kabureta na tangi, akabadilisha mipira ya breki, na siku ya tatu ikaunguruma kwa kuungwa moja kwa moja na betri. Shida ilikuwa umeme. Hakuna taa, indiketa, waipa wala honi iliyofanya kazi, na barabara ya Lushoto kwenda Mombo si ya kupita bila taa. Ni kona baada ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na ukungu hauna saa maalumu ya kushuka.

Kazi hiyo ikaangukia likizo ya Desemba. Kijana mkubwa wa mama huyo alikuwa nyumbani, amemaliza kidato cha tatu. Baba yake yuko kazini Dar es Salaam na huja mara moja kwa mwezi.

Ripoti ya kijana ilikuwa nzuri kwenye hisabati na fizikia. Kwenye kemia mwalimu aliandika kwamba hayuko makini katika mazoezi ya maabara. Ilikuwa ripoti ya tatu yenye maneno ya namna hiyo. Mama alikuwa ametia saini zote tatu, na kila moja ilifuatiwa na maneno mengine ya nyumbani.

Fundi umeme wa magari alipokuja kutoka Soni, mzee wa miaka sabini na kitu, aliomba msaidizi mwenye macho mazuri na vidole vyepesi. Akapewa huyo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unajua kuchora?"

Mzee hakuanza na koleo, alianza na daftari. Kila waya ulichorwa kabla ya kuguswa, unatoka wapi, unapita wapi, unaishia wapi, na kila ncha iliyofunguliwa ilibandikwa plasta nyeupe yenye namba. Sharti lake la pili lilikuwa kwamba nyaya kuukuu zisitupwe. Zitoke zikiwa nzima kama zilivyolala ndani ya gari, ziwekwe kwenye gunia stoo, mpaka siku gari litakapotembea na kila taa inawaka. Fundi anayetupa nyaya za zamani siku ya kwanza, alisema, anatupa ramani akiwa bado njiani.

Zilipotolewa, zilikuwa za kusikitisha. Sehemu nyingi panya walikuwa wamekula plastiki mpaka shaba ikabaki wazi. Na kwenye ncha za baadhi ya nyaya kulikuwa na vipande vya uzi wa katani, vimekazwa vizuri, vingine vina fundo moja, vingine mawili au matatu. Kijana aliuliza ni vya nini.

"Mambo ya kizamani ya babu yako," mjomba akajibu. "Alikuwa anafunga kila kitu na katani." Mkoa wa Tanga katani si kitu cha kushangaza, kwa hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Kisanduku cha fyuzi kilikuwa na jambo jingine. Magari ya Kiingereza ya miaka hiyo yaliwekewa fyuzi chache sana za kioo, hazizidi vidole vya mkono mmoja, na taa kubwa za mbele hazikupita kwenye fyuzi yoyote. Katika hizo chache zilizokuwapo, moja ilikuwa imevingirishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Mzee alimwangalia mjomba, ambaye ndiye aliyeendesha gari hilo miaka ya mwisho babu alipokuwa mgonjwa.

"Ilikuwa dharura," mjomba alisema. "Ilikuwa inakatika kila siku."

Hapo kijana alipata somo ambalo halikuwa kwenye daftari lake la fizikia. Watu wengi hudhani fyuzi imewekwa ili kulinda taa au redio. Inalinda waya. Fyuzi ni sehemu iliyofanywa dhaifu makusudi, ili umeme ukizidi ikatike yenyewe, mahali panapoonekana na pa bei ndogo, kabla waya uliojificha nyuma ya dashibodi haujageuka kuwa moto. Inayokatika kila siku haina kosa, inaleta habari kwamba kuna waya umechubuka mahali. Ukiivika karatasi ya fedha, umeifunga mdomo.

Mzee aliwaonyesha pia kwamba kwenye kioo cha fyuzi hizo kumeandikwa 35. Fyuzi za Lucas za enzi hizo ziliandikwa kiwango kinachoikata. Umeme inaoweza kuubeba mfululizo ni takribani ampea 17 tu. Fyuzi nyingi za leo huandikwa kile zinachoweza kubeba. Mtu akisoma 35, akaenda dukani kununua ya kisasa ya 35, anakuwa ameongeza mzigo mara mbili bila kujua. Ni kosa la kawaida, na hulifanya hata watu waangalifu.

Baba wa kijana alituma nyaya kwa basi, amezinunua Gerezani, Dar es Salaam, pamoja na kisanduku kipya chenye nafasi kumi za fyuzi bapa za plastiki. Mzee alikuwa amesisitiza nyaya ziwe za rangi zile zile za asili, na hapo hakuna fundi atakayemlaumu. Magari ya Uingereza yalifuata utaratibu mmoja wa rangi. Waya wa kahawia una moto wa betri muda wote, haujapita kwenye fyuzi. Mweupe hupata moto ufunguo ukizungushwa. Wa kijani hutoka kwenye fyuzi baada ya ufunguo, ndio unaolisha waipa, indiketa na taa za breki. Wa zambarau umepita kwenye fyuzi lakini hausubiri ufunguo. Mwekundu ni wa taa ndogo, wa bluu ni wa taa kubwa, mweusi ni ethi. Halafu kuna zenye mistari: kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, kijani chenye mstari mweupe ni ya kulia.

Kwa siku tano kijana alifanya kazi kwa bidii iliyomshangaza mama yake. Hesabu za wati na ampea alizifanya kichwani. Taa ya wati 55 kwenye betri ya volti 12 inakula chini kidogo ya ampea tano, kwa hiyo kila taa kubwa ikapewa fyuzi yake, ili moja ikizimika kwenye kona, nyingine ibaki. Mzee akawa anamwita "injinia".

Siku ya sita mzee alikwenda msibani Soni. Aliacha kazi ndogo ya kuunga nyaya za upande wa dashibodi kwa kufuata mchoro, na onyo moja: betri isiunganishwe mpaka arudi.

Saa nane mchana nyaya zilikuwa zimeungwa zote. Mjomba alifika, akaona kazi imekamilika, akaona na betri imekaa pembeni. Mjomba si mtu wa kusubiri. Akaifunga.

Sekunde chache hakikutokea kitu. Kisha moshi mweupe ukatoka nyuma ya dashibodi, na harufu ya plastiki inayoungua. Tangi la petroli la gari hilo liko chini ya kiti, na siku ile lilikuwa na lita tano. Mama alikuwa karibu zaidi. Aling'oa kichwa cha waya wa betri kwa mkono, kikatoka kwa sababu mjomba hakuwa amekikaza. Moshi ukakatika. Kiganja chake kikabaki na alama nyekundu kwa siku mbili.

Kilichofuata ni kelele. Mjomba alimwita kijana mzembe, asiye na akili, mtoto wa simu. Mama naye, mwili ukimtetemeka, aliuliza swali ambalo tayari lina hukumu ndani yake: "Kijani na kahawia, hivi kweli unashindwa kuangalia?"

Kijana hakujibu. Alinawa mikono, akaenda kukaa karibu na bibi, aliyekuwa akichambua nyanya za soko kwenye ungo.

Mzee aliporudi jioni hakupandisha sauti. Alifuata waya ulioungua kwa kidole mpaka akapata kila kitu. Waya wa waipa ulikuwa umebanwa na skrubu ukagusa bodi, jambo linaloweza kumpata fundi yeyote. Kama ungekuwa umetoka kwenye fyuzi, fyuzi ingekatika na hadithi ingeishia hapo. Lakini ulikuwa umeungwa kwenye waya wa kahawia, wa moto wa moja kwa moja. Hakukuwa na kitu cha kukatika isipokuwa waya wenyewe.

"Njoo injinia. Nionyeshe ulichofanya."

Kijana alieleza bila kusita. Huu wa kijani unaotoka kwenye fyuzi, nimeuunga na huu wa waipa. Alipokuwa akisema hivyo, kidole chake kilikuwa juu ya waya wa kahawia.

Mzee alidhani amesikia vibaya. Akaokota vipande vya nyaya vilivyobaki chini, kama ishirini, akavimwaga juu ya boneti. "Nitengee. Kila rangi fungu lake."

Nyeupe zilikwenda pamoja upesi. Nyeusi pia, na njano. Bluu zikapata fungu, na zambarau zote zikawekwa humo humo. Kisha kijana akapunguza mwendo. Akainua kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akakilaza, akakiinua tena. Mwisho kulikuwa na fungu moja kubwa: kahawia, kijani na nyekundu, vimechanganyika.

"Hizi zinafanana," alisema. "Zinapishana kidogo tu weusi."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amesimama pale pale, mkono umefungwa kitambaa. Bibi ndiye aliyezungumza, bila kuinua uso kwenye ungo wake.

"Ndiyo maana nikimtuma shambani ananiletea nyanya mbichi. Kama babu yake."

Wakamgeukia wote. Bibi akaeleza kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. Mume wake katika maisha yao yote hakuwahi kununua nyanya wala kuchuma kahawa. Alisema ni kazi ya wanawake, na yeye alijua si hivyo, ila alimwachia. Shati akichagua, humuuliza kwanza. Na gari lake, upande wa nyaya, hakuna fundi aliyeruhusiwa kuingiza mkono. Alifanya mwenyewe, siku za Jumapili, mlango wa banda umefungwa.

Kijana akaondoka mbio kwenda stoo. Alirudi na gunia.

Walizikunjua nyaya kuukuu uani, mzee akashika mita, mama akasoma rangi, kijana akahesabu mafundo kwa vidole. Kahawia, fundo moja. Kijani, mawili. Nyekundu, matatu. Zambarau, manne. Kila mahali, mbele ya gari mpaka nyuma, bila kukosea hata mara moja. Nyeupe hazikuwa na uzi. Nyeusi hazikuwa na uzi, wala bluu.

"Hizo alikuwa anaziona," mzee akasema.

Mama aliketi juu ya tairi la akiba. Alikuwa akifikiria kemia. Kwenye maabara ya sekondari, nusu ya majibu ni rangi: tone la asidi linaposhuka mpaka kimiminika kigeuke kutoka njano kwenda kwenye wekundu, karatasi ya litmasi, moshi wa gesi, mashapo ya kijani au ya kahawia chini ya bomba la kioo. Mtoto alikuwa akiulizwa aandike alichokiona, naye aliandika alichokiona.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa mtaalamu wa macho. Kipimo chenyewe hakina sindano wala dawa. Ni kitabu cha kurasa zenye vidoti vya rangi, ambamo mwenye kuona rangi zote husoma namba, na asiyeziona husoma namba nyingine au hasomi kitu. Kilitungwa na daktari wa macho wa Japani, Shinobu Ishihara, na kutolewa mwaka 1917, na mpaka leo bado kinatumika. Kijana aliusoma ukurasa wa kwanza, ambao husomwa na kila mtu. Iliyofuata mingi ilimshinda.

Upofu wa rangi ni jina la kutisha kuliko jambo lenyewe. Wengi wenye hali hiyo wanaona vizuri, mbali na karibu, na rangi wanaziona. Ila zipo ambazo kwao hazitengani, na zinazotajwa zaidi ni nyekundu na kijani, pamoja na jamaa zake kama kahawia. Mtoto aliyezaliwa hivyo hajui kwamba kuna kinachopungua, kwa sababu hajawahi kuona kwa macho ya mtu mwingine. Atajifunza kusema "majani ni ya kijani" kwa kukariri, kama anavyokariri kwamba maziwa ni meupe. Ndiyo maana anaweza kufika kidato cha tatu bila mtu kugundua.

Inavyorithiwa ndiyo iliyomfanya mama ashike kichwa. Vinasaba vya kutenganisha nyekundu na kijani vimo kwenye kromosomu X. Mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Mwanamke anazo mbili, na moja ikiwa na kasoro nyingine kwa kawaida humtosha. Kwa hiyo babu hakuweza kumrithisha mwanawe wa kiume. Mjomba ameponea hapo. Lakini kila binti wa babu alipewa X ile ile, anaibeba bila kujua, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Ndiyo maana hali hii huonekana zaidi kwa wanaume. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini hutajwa takribani mwanamume mmoja kati ya 12, na kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini darasa lenye wavulana wengi haliwezi kujihakikishia kwamba hayumo.

Dawa yake hakuna. Baadhi ya kazi, kama urubani na kuendesha treni, zina vipimo vya rangi, na ni bora kijana alijue hilo akiwa na miaka 17 kuliko akiwa ameshalipa ada ya chuo. Dalili zenyewe kwa mtoto mdogo si za kutafuta kwa darubini. Anapaka shina la mti rangi ya kijani na majani kahawia. Anamuuliza mwenzake ampe penseli kwa kutaja rangi badala ya kuichukua mwenyewe. Analeta nyanya mbichi. Bibi mwenye ungo alikuwa amegundua zamani, ila hakuna aliyedhani ni jambo la kuulizwa.

Gari lilimaliziwa kwa namna nyingine. Mzee alikuwa na plasta zake za namba, na zingetosha. Kijana akaomba yawepo na mafundo. Alikuwa amegundua faida ambayo huenda hata babu hakuitarajia: usiku, chini ya dashibodi, tochi mdomoni na mvua nje, namba haisomeki lakini fundo linapapasika. Bibi akatoa katani. Wakafunga kwa mpangilio ule ule wa marehemu, moja, mawili, matatu, manne.

Fyuzi mpya nazo zilikuwa na mtego wake, maana hizi bapa hutambulishwa kwa rangi. Ya ampea 10 ni nyekundu, ya 30 ni ya kijani, ya saba na nusu ni ya kahawia. Mtu akiweka ya 30 mahali pa 10 kwa kudanganywa na rangi, amerudi kwenye karatasi ya sigara kwa njia ya kistaarabu. Bahati nzuri namba imechapishwa mgongoni. Mzee akaweka sheria kwamba kila fyuzi isomwe kwa sauti kabla ya kuingizwa, na yeye mwenyewe, mwenye macho yake mazima, akawa anasoma kwa sauti.

Ethi ilichukua siku nzima. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, chasisi ni ya chuma, na mahali metali hizo zinapokutana na waya wa shaba kwenye unyevunyevu wa milimani huota kutu nyeupe inayozuia umeme. Ndiyo ile unawasha indiketa, na taa ya nyuma nayo inapepesa kama inakonyeza. Walikwangua kila sehemu mpaka metali ikang'aa, wakapaka grisi, na kuvuta waya mweusi wa kila taa mpaka kwenye chasisi.

Safari hii betri haikufungwa kienyeji. Mzee alichukua balbu ya taa ya breki akaipitisha kati ya betri na gari, umeme wote uvuke hapo kwanza. Kukiwa na waya uliogusa bodi, balbu itawaka kwa nguvu na hakuna kitakachoungua. Mara ya kwanza ikawaka kweli. Walimkuta mkosaji nyuma, waya wa taa ya bamba la namba umebanwa na bati. Walipoutoa, balbu ikazimika. Mjomba, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na mikono mfukoni, akasema, "Kumbe."

Hakuomba radhi kwa maneno. Kesho yake alikuja na jozi ya balbu mpya za taa kubwa, akamkabidhi kijana mkononi, akaondoka.

Januari 18, saa moja usiku, Land Rover ilishuka Mombo na magunia kumi na mawili ya viazi. Mama aliendesha, mzee akakaa katikati, kijana mlangoni na mkono juu ya kisanduku cha fyuzi kama mtu anayemshika mgonjwa kipaji cha uso. Ukungu uliwapata kabla ya Soni. Taa zote mbili zilikaa zimewaka mpaka chini. Mjomba hakurudi tena kuzungumzia mnunuzi.

Shule zilipofunguliwa mama alikwenda na barua ya mtaalamu wa macho. Mwalimu wa kemia aliisoma mara mbili, akakaa kimya, kisha akauliza kama mazoezi ya mwaka uliopita yanaweza kurudiwa. Kijana akapewa mwenzake wa kumtajia rangi maabara, naye anamrudishia kwa kumsaidia hesabu za moli. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni habari nyingine, na mwalimu aliahidi kuulizia utaratibu mapema, kabla ya Novemba haijawa mlangoni.

Kilichobaki kilikuwa simu. Babu alizaa mabinti watatu. Mama huyo aliwapigia dada zake wawili jioni moja, mmoja baada ya mwingine, akawasimulia kuhusu nyaya na mafundo. Wa kwanza ana watoto wa kike watupu. Akasema atawaambia wakiolewa. Wa pili, anayeishi Mwanza, ana mvulana wa darasa la pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwita mtoto, akamwambia aende jikoni achukue nyanya mbivu mbili kwenye beseni.

Simu ilibaki wazi. Zilisikika ndala zikienda, na baada ya muda kidogo zikirudi.